Kutoshawishika si kufunga akili

Majuma mawili yaliyopita nilikaa na mtu ninayemheshimu, ambaye haamini kwamba kuna Mungu, nikamsikiliza kwa muda unaokaribia saa mbili. Pale niliposhindwa kumfuata nilimwomba arudie. Nilikiri waziwazi hoja mbili ambazo sikuwa na majibu yake. Na mwishoni nikamwambia kwamba, pamoja na yote hayo, bado ninaamini. Alinitazama kwa masikitiko, akasema: "Tatizo lako ni kwamba umefunga akili." Maneno hayo yamenikaa rohoni tangu siku ile, na kadiri ninavyoyatafakari ndivyo yanavyoniudhi, kwa sababu nimekwisha kuyasikia mara nyingi mno, tena kutoka pande zote mbili, na karibu kila mara maana yake huwa ni moja tu: hukukubaliana nami.

Sisi waumini tunayo ya kwetu, na ni makali kuliko hayo. Mtu akieleza shaka zake, kabla hajamaliza tunasema kwamba moyo wake umepigwa muhuri, au kwamba ana moyo mgumu kama wa Farao. Tukishasema hivyo, tunajiona tumeondolewa wajibu wa kumjibu, kwa kuwa nani atahangaika kuupa hoja moyo uliokwisha kufungwa na Mungu mwenyewe? Ndivyo maneno yaliyokusudiwa kuwa onyo kwa anayeyasoma yanavyogeuka kuwa hukumu juu ya jirani yake.

Mimi naona kwamba kosa liko katika kulitafuta jambo hili mahali lisipokuwapo. Tunatazama mtu anaamini nini, au anakishikilia kwa nguvu kiasi gani, kisha tunaamua kama akili yake iko wazi. Lakini mtu anaweza kuishika imani yake, au kutoamini kwake, kwa mikono yote miwili na bado akili yake ikawa wazi kabisa; na mwingine anaweza kuyumba kila upepo unapovuma bila kuwahi kusikiliza hoja hata moja mpaka mwisho. Kufunga akili kumo katika swali la kwanza ambalo mtu hujiuliza anapoletewa jambo jipya. Aliye wazi huuliza kama jambo hilo ni kweli. Aliyejifunga huuliza kwanza ni la nani, na likikubaliwa litamfaidi nani.

Sijapata mfano ulionifundisha hili vizuri kuliko kisa cha nadharia ya mwanzo wa ulimwengu. Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri wa Kikatoliki wa Ubelgiji ambaye pia alikuwa mwanafizikia, alichapisha makala iliyoeleza kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1931 alikwenda mbele zaidi akapendekeza kwamba, ukiurudisha mtanuko huo nyuma katika wakati, utafika kwenye mwanzo mmoja, ambao yeye aliufananisha na atomu moja ya awali. Fred Hoyle, mwanafizikia wa Uingereza ambaye hakuwa mtu wa dini, hakuridhika hata kidogo. Mwaka 1948 yeye kwa upande wake, na Hermann Bondi na Thomas Gold kwa upande wao, walitoa nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo, ambamo maada mpya hutokea kidogo kidogo na kujaza nafasi inayoachwa na mtanuko. Hata jina la "mlipuko mkuu" tunalolitumia leo lilitoka kinywani mwa Hoyle, redioni, mwaka 1949, alipokuwa akiizungumzia nadharia ambayo yeye mwenyewe aliikataa. Wala hakuficha kwamba, mbali na sababu za kisayansi, wazo la ulimwengu wenye mwanzo lilimkera kwa sababu lilimnukia dini.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: sababu za kisayansi alikuwa nazo. Kwa vipimo vya mtanuko vilivyokuwapo miaka ile, umri wa ulimwengu ulionekana kuwa kama miaka bilioni 2, ilhali miamba ya Dunia ilikwisha kuonyesha umri mkubwa kuliko huo, na haiwezekani mtoto akamzidi mzazi wake umri. Kwa hiyo simlaumu Hoyle kwa kukataa mwaka 1949. Kinachonishughulisha ni ile harufu ya dini, yaani kwamba hoja ilipunguzwa uzito kwa kuwa ilionekana kulifaa kundi asilolipenda.

Upande wa pili haukufanya vizuri zaidi, na hili nalisema nikiwa muumini. Mwezi Novemba 1951 Papa Pius wa 12, akihutubia chuo cha kipapa cha sayansi, alizungumza kana kwamba elimu mpya ya anga imekuja kuushuhudia uumbaji. Naielewa furaha yake, kwa sababu nami ningefurahi. Lakini aliyefadhaishwa na hotuba hiyo alikuwa Lemaître mwenyewe, padri, mwenye nadharia, na mwanachama wa chuo hichohicho, ambaye alifanya juhudi ili jambo hilo lisirudiwe. Yeye alishikilia kwamba nadharia yake iko nje ya maswali ya dini, na kwamba inamwachia asiyeamini uhuru wake wote wa kutoamini. Nikiwaza ni watu wangapi wangeweza kusema hivyo juu ya jambo ambalo wamelivumbua wenyewe, na ambalo kiongozi wao mkuu wa dini amekwisha kulikumbatia hadharani, naona kwamba hiyo ni heshima kwa ukweli ambayo wengi wetu hatujaikaribia. Hakuna aliyeweza kusema kwamba imani ya Lemaître ilikuwa dhaifu. Alisali, na aliendelea na upadri wake mpaka kufa, na bado hakukubali hoja yake ibebeshwe mzigo isioweza kuubeba, hata kama mzigo huo ulikuwa imani yake mwenyewe.

Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kwamba wamenasa mawimbi hafifu yanayotoka pande zote za anga, mabaki ya joto la kale ambalo nadharia ya ulimwengu wa milele haikuweza kulieleza vizuri. Habari hizo zilimfikia Lemaître muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1966. Hoyle aliishi hadi mwaka 2001, na hakuikubali kamwe nadharia ya mlipuko mkuu. Hata hivyo sitaki kumfanya Hoyle kielelezo chepesi, kwa sababu yeye huyo, aliyebashiri mwaka 1953 kiwango maalumu cha nishati ndani ya kiini cha kaboni ambacho bila hicho tusingekuwapo, alikuja kuandika katika miaka ya 1980 kwamba mambo yanaonekana kana kwamba kuna akili kubwa iliyozichezea kanuni za fizikia. Akili ileile iliyojifunga mahali pamoja ilikuwa wazi mahali pengine, na nadhani hivyo ndivyo tulivyo karibu sote, kwa hiyo kumwita mtu "aliyefunga akili", kana kwamba hilo ni kabila lake, ni kutomtazama vizuri.

Wapo wanaodhani kwamba ili akili iwe wazi ni lazima hukumu ibaki ikining'inia milele. Kwa hao namleta Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu. Alipotaka kuwajibu wanafalsafa wa zama zake, alisema kwamba hakuna anayeweza kuonyesha ubovu wa elimu fulani mpaka aijue sawa na wajuzi wake wakubwa, kisha akaisoma peke yake kwa muda usiofika miaka miwili, katika nafasi alizozipata baina ya kuandika na kufundisha Baghdad, na mwaka mwingine mmoja akautumia kuitafakari. Kabla ya Tahafut, kitabu chake cha kuwapinga, aliandika Maqasid, ambamo alieleza fikra zao tu bila kuzijibu. Kitabu hicho kilipotafsiriwa kwa Kilatini, wasomaji wengi wa Ulaya walimdhania kuwa ni mmoja wa wanafalsafa haohao. Fikiria kueleza maneno ya mpinzani wako kwa uaminifu kiasi kwamba watu wa mbali wanakuhesabu kuwa mfuasi wake! Na baada ya kazi yote hiyo hakubaki katikati: aliwapinga katika masuala 20, na katika 3 kati ya hayo akawahukumu kuwa wametoka katika Uislamu. Hukumu hiyo ya mwisho mimi siipendi, nami naona ingekuwa heri angeishia kwenye hoja. Lakini siwezi kusema kwamba alihukumu kabla ya kusikiliza. Na ninapoyapima masimango tunayotupiana siku hizi, ambapo muumini hawezi kueleza hata hoja moja ya asiyeamini kwa namna ambayo mwenyewe angeitambua, na asiyeamini anadhani imani yote ni hofu ya kifo iliyovishwa kanzu, naona tumerudi nyuma sana kutoka kwa mtu aliyefariki mwaka 1111.

Yapo mengine ambayo nitayagusa tu. Mwaka 2004 mwanafalsafa Antony Flew, aliyeutetea ukanamungu kwa zaidi ya nusu karne, alitangaza akiwa na umri wa miaka 81 kwamba sasa anakubali kuwapo kwa Mungu wa aina fulani. Wengine wakasema ni uzee, na wengine wakamkumbatia kama nyara ya vita, na katika kelele hizo wachache walijali kuuliza hoja zake zina uzito gani. Kuhusu dola zinazomwadhibu mtu kwa kuacha dini, au Albania ya mwaka 1967 iliyofunga nyumba zote za ibada, sina la kuongeza zaidi ya kwamba woga haujawahi kumfikisha mtu kwenye ukweli. Na wale wanaomaliza mjadala kwa kusema akili ni nywele, kila mtu ana zake, wasidhani kwamba wao ndio walio wazi. Hiyo nayo ni namna ya kufunga mlango, ila kwa upole, kwa sababu anayesema hivyo amekwisha kuamua kwamba hakuna neno la mwenzake linaloweza kumhusu.

Nimeyaandika haya kwa ukali, na sina haki ya kuyaandika bila kueleza la kwangu. Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu aliniambia kwamba ameacha kusali. Hakuwa amemaliza sentensi yake ya pili nilipomkatiza na kumwambia kwamba ni ujana, ni marafiki, ni mambo anayoyasoma, na kwamba atarudi. Alinyamaza kwa adabu, na tangu hapo tulizungumza habari za kila kitu isipokuwa hiyo. Baada ya kile kikao cha majuma mawili yaliyopita, nikiwa bado na uchungu wa kuambiwa nimefunga akili, nilimkumbuka, nikampigia simu, nikamwomba aniambie yale ambayo sikumruhusu kuyasema.

Akaniuliza: "Mjomba, unataka kujua, au unataka kunirudisha?"

Nilimjibu kwamba nataka yote mawili, kwa sababu ndiyo kweli, na sikutaka kuanza kwa kumdanganya.

Akasema: "Basi leo tuanze na hilo la kwanza."

Alizungumza kwa muda mrefu, nami safari hii sikumkatiza. Hakuwa ameacha kwa sababu ya marafiki wala kwa sababu ya alichokisoma. Alisema kwamba kwa miezi mingi alikuwa akisimama katika sala na kutamka maneno ambayo moyoni hakuyaamini tena, na kwamba aliacha alipoona kuwa, kama Mungu yupo, basi kumwambia kila siku maneno ya uongo ni kumdhihaki. Kwa miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikimwombea aondokewe na kiburi.