Shaba nyeupe haijamaliza kazi yake

Tangu Jeshi la Marekani lilipoichagua kampuni ya SIG Sauer, Aprili 2022, ilitengenezee bunduki mpya za milimita 6.8, walenga shabaha wa nchi hiyo wamekuwa wakiulizana kwa sauti zaidi kama ganda la risasi la shaba nyeupe, yaani aloi ya takriban asilimia 70 ya shaba na 30 ya zinki, limepitwa na wakati. Wanaosema limepitwa wana hoja nzito. Wanaosita huitwa watu wa mazoea, na hukumu hiyo naiona ya haraka mno.

Hoja kuu ya maganda mapya ni uzito. Risasi ya milimita 5.56 ina takriban gramu 12, na karibu nusu yake ni ganda; watengenezaji wa maganda ya polima (aina ya plastiki) yenye kitako cha chuma wanasema risasi nzima hupungua uzito kwa karibu asilimia 30. Kwa askari anayebeba risasi 210, hizo ni zaidi ya gramu 700, na hakuna aliyewahi kutembea na mzigo huo atakayezidharau. Polima pia haipitishi joto kwa urahisi, hivyo chemba ya bunduki, yaani tundu ambamo risasi hukaa inapofyatuliwa, huchelewa kupata moto. Lakini mlenga shabaha anayeshusha sanduku lake garini na kuliweka mezani hana safari ya kupunguziwa mzigo.

Anachokihitaji ni ganda litakalorudi mikononi mwake likiwa zima. Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kubana ukuta wa chemba ili gesi isivuje nyuma, kisha hunywea kidogo ili litoke bila kung'ang'ania. Shaba nyeupe hufanya yote mawili vizuri, kwa kuwa kiwandani huachwa laini shingoni na ngumu kitakoni. Chuma laini, hata kikipakwa rangi ya kuzuia kutu, hakinywei kwa kiasi hicho. Risasi ya Kisovieti ya 7.62x39 huvumilia ganda la chuma kwa sababu, pamoja na mengine, umbo lake limechongoka waziwazi kuelekea mbele, hivyo hutoka chembani kwa urahisi.

Zaidi ya hapo, ganda la shaba hujazwa upya. Mwenye bunduki ya shabaha huliokota, hulirudishia umbo, hutia fataki ya kuwashia, baruti na kichwa kipya, na akilipasha shingo moto kila baada ya muda ili isipasuke, hulitumia mara nyingi. Ganda lililokwisha kutanuka ndani ya chemba yake mwenyewe huwa limechukua vipimo vya chemba hiyo, faida ambayo risasi mpya ya dukani haina. Ganda likichoka kabisa, bado mnunuzi wa chakavu atalilipia. Ganda la alumini kwa kawaida hutupwa baada ya mlio mmoja. Lipo ganda la vipande viwili la milimita 9, la chuma cha pua na alumini, ambalo hujazwa upya, ila linadai vifaa vyake maalumu. Anayelinganisha bei ya risasi moja dukani bila kuhesabu matumizi haya ya baadaye analinganisha vitu viwili tofauti.

Jeshi lenyewe, linalotajwa kama shahidi dhidi ya shaba, halikuchagua ganda la polima la kampuni ya True Velocity lililokuwa mashindanoni. Lilichagua ganda la mseto la SIG Sauer. Presha yake ya takriban paundi 80,000 kwa inchi ya mraba, ikilinganishwa na 62,000 za risasi ya kawaida ya .308 Winchester, ingelemea kitako cha shaba, kwa hiyo kitako ni cha chuma. Hapo shaba imeshindwa na hakuna haja ya kuitetea. Mwili wa ganda, unaotanuka na kunywea, umebaki wa shaba nyeupe. Na kwa raia wanaotaka kufanya mazoezi kwa gharama nafuu, SIG Sauer hiyohiyo imetoa risasi ya ukubwa huo yenye presha ndogo zaidi, ambayo ganda lake lote ni la shaba.