Wananchi wajenge boma, nani apaue?

Mwaka 2007 Tanzania ilianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, kwa lengo la kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kituo cha afya. Utaratibu wake unajulikana vijijini: wananchi wanatoa fedha, mawe, mchanga na nguvu kazi mpaka boma, yaani kuta zisizo na paa, lifike usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kisha halmashauri inapaua, inamalizia, inaleta watumishi na dawa. Vijiji ni zaidi ya 12,000. Mpango ulikwisha 2017, na maboma yasiyo na paa yakabaki.

Siwezi kuibeza michango. Mama anayebeba mtoto mgongoni kilomita nyingi kwenda kliniki kupima uzito na kuchanja hana muda wa kungoja zamu ya kijiji chake kwenye bajeti ya taifa. Upareni na Usambaani watu wametoka kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, vizazi na vizazi, wakachimba mifereji na kufungua barabara. Tena aliyesomba kokoto kwa kichwa anajua mifuko ya saruji iliyoingia, na ikipungua anauliza. Ulinzi wa namna hiyo mkandarasi wa kutoka mjini hana sababu ya kuujali.

Ila tazama mchango unavyopangwa. Mara nyingi ni kiwango kimoja kwa kila kaya: mwenye duka na mjane mwenye watoto wanne wanaandikwa sawa. Unaitwa wa hiari, lakini asiyelipa hugongewa mlango na mgambo, na kuku au mbuzi wake huenda akakamatwa. Sera ya Afya ya 2007 inasema wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 watibiwe bila malipo. Mjane huyo msamaha wa watoto wake kwenye dirisha la malipo ameshaulipia kwenye daftari la michango la mtendaji wa kijiji.

Linaloniuma zaidi ni mgawanyo wa vijiji vyenyewe. Kijiji chenye wana waliofanikiwa Dar es Salaam huchangishana kwa simu, na boma likainuka upesi. Kijiji cha wafugaji, au kilichovuna mahindi mabovu misimu miwili, kinabaki kwenye msingi. Halmashauri ikianza na maboma yaliyofika lenta, fedha ya umma inakwenda kwa waliokuwa na uwezo tangu mwanzo. Watoto wa kile kijiji kingine, ambao pengine ndio wenye utapiamlo zaidi, wanaendelea kungoja, na hakuna aliyekaa mahali akaamua wangoje.

Kwa hiyo nakubali michango kwa masharti. Iishie kwenye kuta na nguvu kazi. Chanjo, dawa na mishahara ni kazi ya kodi. Mwaka 2001, Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi hazijafika hapo. Kila shilingi ya kijiji inayoziba pengo hilo inaipunguzia serikali sababu ya kuharakisha. Vijiji maskini vijengewe bila kudaiwa lenta kwanza. Na kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa, halmashauri iandike ni mwaka gani wa fedha itapaua.

Njia ya kufuatilia ipo. Mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zilianza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi wa kituo ina wajumbe wanaotoka kwa wananchi. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila miezi 3. Hapo husomwa majina ya kaya zinazodaiwa. Isomwe pia ahadi ya halmashauri: bati ngapi, muuguzi lini, na kama tarehe imepita, diwani aeleze mbele ya waliochanga.