Leseni ya dola 20 huku Pennsylvania, na mwanakijiji wa Sikonge anayeogopa kipande cha nyama

Nikipiga simu nyumbani watu huniuliza mshahara na baridi, basi. Mimi kilichonigusa kuliko vyote tangu nihamie jimbo la Pennsylvania, Marekani, ni uwindaji, na nashangaa Watanzania wenzangu wa huku hawauongelei kabisa. Nimekulia Sikonge, Tabora, pembeni ya mapori ya akiba, na kwetu ukitaka kutaja nyama ya porini unaangalia kwanza nani kakaa karibu. Huku mtu ninayefanya naye kazi ghalani anakuja na kontena la nyama ya dia aliyempiga mwenyewe, anagawa mbele ya supavaiza, na supavaiza naye anachukua kipande.

Dia ni kama pongo wetu ila mkubwa zaidi, mkia chini mweupe, wamejaa mpaka wanakula maua ya watu uani na wanagongwa na magari kila leo. Mkazi wa jimbo anayetaka kuwinda analipa dola 20 na senti 97 kwa mwaka mzima, kwa mtu wa ghalani hiyo ni saa moja ya kazi na kidogo, na humo dume mmoja wa dia kashahesabiwa. Akitaka jike anaongeza kibali cha dola 6 na senti 97, ila hivyo vina idadi, maana jimbo limegawanywa kanda zaidi ya 20 na kila kanda imepangiwa vibali vyake, vikiisha vimeisha. Wa jimbo lingine leseni yake ni dola 101 na senti 97. Yaani mwenyeji kwanza, na hilo wamelichapa kwenye bei, halina mjadala.

Sasa msije mkadhani ni holela. Leseni ya kwanza hupati mpaka usome kozi ya usalama na ufaulu mtihani. Msimu wa upinde unaanza mapema vuli ikiingia, wa bunduki unafunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani mwishoni mwa Novemba, halafu baada ya Krismasi kuna msimu wa gobole, ndiyo, gobole lilelile la jiwe na baruti linalomfunga mtu kwetu, huku lina tarehe zake kwenye kalenda ya serikali! Rifle za semi-otomatiki, zile zinazojipakia risasi zenyewe, kwa dia marufuku. Msimu wa bunduki lazima uvae rangi ya chungwa inayowaka, inchi 250 za mraba kwa jumla kichwani, kifuani na mgongoni, na ndani ya yadi 150 kutoka nyumba ya mtu hupigi bila ruhusa ya wenyewe.

Nimemwona mzee mmoja jirani yangu karudi na dia nyuma ya pikapu, sikioni kamfunga kikaratasi kaandika kwa kalamu tarehe, saa, kaunti na kitongoji alikompigia. Nikamuuliza ungejaza hapa nyumbani si ingekuwa ileile, akaniangalia kama nimetukana. Sheria inasema ujaze na umfunge palepale alipoangukia kabla hujamsogeza, halafu ndani ya siku 10 utoe taarifa. Alikuwa peke yake msituni, askari hayupo, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi, lakini kaandika.

Nimefikiri sana kwa nini anaandika. Watu wetu wanapenda kusema wazungu wana nidhamu, mimi nakataa, maana hawahawa mwishoni mwa miaka ya 1800 walikuwa wamekaribia kuwamaliza dia wa Pennsylvania, walipiga mwaka mzima na kuuza sokoni. Jimbo likaunda Game Commission, tume ya wanyamapori, mwaka 1895, na 1906 wakaanza kuleta dia kutoka nje ya jimbo ili waanze upya. Kilichobadilika ni kwamba mwindaji aliingizwa kwenye mali. Tume hiyo haiendeshwi na kodi ya kawaida ya jimbo, inategemea ada za leseni, mapato ya mbao na gesi kwenye ardhi yake, pamoja na sehemu ya kodi ya serikali kuu kwenye bunduki na risasi inayogawiwa majimbo kwa sheria ya 1937. Kwa hela hizo wamenunua ardhi, leo ni kama ekari milioni 1.5, na yule mzee anaingia humo na leseni yake ya dola 20 hamwombi mtu. Tarehe za msimu zinapendekezwa Januari, watu wanatoa maoni, zinapitishwa Aprili mkutanoni hadharani. Hata kuwinda Jumapili walibishana miaka na miaka, wakulima na watu wa kanisa upande huu, wawindaji upande ule, mpaka sheria ya kuondoa katazo ikasainiwa 2025. Na nyama kuuza ni marufuku, ila tangu 1991 kuna mpango wa kumpeleka dia wako buchani agawiwe bure kwa wenye njaa.

Kwetu je? Mwaka 2022 mama mmoja Iringa alihukumiwa miaka 22 jela kwa vipande 12 vya nyama ya swala. Miaka 22! Rufaa ilimtoa, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini kila kijiji cha pembezoni mwa pori kiliisikia ile hukumu na kilielewa kimeambiwa nini. Wakati huohuo vitalu vya uwindaji vinapigwa mnada kwenye mtandao, mgeni anakuja na maelfu ya dola anapiga nyati na kuondoka na pembe zake.

Najua tembo si dia. Tulikuwa na tembo kama 109,000 mwaka 2009, sensa ya 2014 ikakuta kama 43,000, majangili walitumaliza, na wanaotetea ukali wana sababu. Ila mwanakijiji mwenye kitoweo cha ngiri sufuriani hakusafirisha meno ya tembo kwenye kontena bandarini, tusiwaweke fungu moja. Leseni ya mwananchi kisheria ipo, lakini inataka bunduki iliyosajiliwa na safari za ofisini ambazo mkulima wa tumbaku hana nauli yake. Bucha za nyamapori ziliruhusiwa 2020, sawa, nzuri, ila kununua kilo si sawa na kuwa na sehemu yako.

Ninachotaka mimi ni leseni ya kijiji. Itolewe ofisi ya kata, bei isizidi kibarua cha siku moja, iwe ya wanyama waliojaa tu, nguruwe pori na ngiri, idadi ipangwe kila mwaka hadharani kwa kuhesabu, msimu ufunguliwe mazao yakishavunwa, kozi iwepo, na hela ilipe askari wanyamapori wa kijiji hichohicho. Na wa kwanza kuipata awe yule anayelala shambani anapiga debe usiku kucha nguruwe wasimalize mahindi, halafu akiharibiwa anasubiri kifuta jasho ambacho hajui kitafika lini. Mtu wa Dar mwenye gari na rifle alipe mara tano yake, kama ninavyoona Pennsylvania.