Pikipiki Mpya, Mwendo wa Bi Harusi

Ukinunua pikipiki mpya uswahilini hupewi hongera, unapewa amri. "Ifungue injini leo leo, ipige resi hadi mwisho, ukiidekeza itakuwa nzito maisha." Anayesema hivyo hana pikipiki, na dakika tano mbele ataomba aijaribu hadi kituo cha daladala. Jirani wa pili ana gunia la mkaa, anauliza kama unaelekea njia ya sokoni. Wa tatu ni fundi wa chini ya mwembe: anataka uiache ingurume papo hapo usiku kucha "ringi zikae". Ukiwatii wote watatu, baada ya muda injini inakula oili, inatoa moshi wa bluu, na wao ndio watakaotangulia kusema siku hizi viwanda vinauza makopo. Injini mpya inazoezwa taratibu, na upole huohuo ndio unaofaa ukitaka kurekodi video za safari.

Bwana fundi, ringi, zile pete za pistoni, hazikai kwa kungurumishwa! Ukuta wa silinda mpya una mistari myembamba iliyokatizana, imechorwa makusudi kiwandani ishike oili na kuzisugua ringi mpaka zikubaliane na ukuta. Kinachozibana ringi ukutani ni presha ya mlipuko juu ya pistoni. Pikipiki iliyosimama ina presha kidogo, na injini ya kupozwa na upepo inahitaji huo upepo, nao haupo chini ya mwembe. Oili inaungua, inaupaka ukuta utando wa kuteleza, mistari inazibwa. Ringi zikishakosa pa kusugua, hata ukimwita mganga dawa ni kuifungua injini tu. Na yule wa "ifungue leo" naye ana hatari yake: vyuma visivyozoeana vikipigwa resi hadi mwisho vinapata joto, vinatanuka, vinakwaruzana.

Injini inachotaka ni mzigo wa wastani unaobadilikabadilika. Kwa baadhi ya pikipiki ndogo za cc 100 hadi 150, kitabu kinakutaka usizidi kama kilomita 45 kwa saa kwenye gia ya juu hadi ufike kilomita 1,000, halafu 55 hadi 2,000. Namba za ya kwako zimo kwenye kitabu chako, kile ulichokiweka chini ya mguu wa kabati linaloyumba. Resi isizidi nusu. Usikae kwenye mwendo mmoja nusu saa nzima: panda, shuka, badili gia. Wala usiikabe kwa gia kubwa kwenye mwendo mdogo hadi itetemeke, maana kuna watu wanadhani kubaki namba nne kwenye kilima ndiyo upole. Huo ni unyanyasaji wa kimyakimya.

Sasa jaribu hiyo 45 kwenye barabara kuu. Basi la mkoani linakupigia honi kuanzia mkoa uliopita. Kondakta wa Coaster anachungulia dirishani kuuliza kama umebeba mayai. Bodaboda aliyepakia abiria watatu mshikaki anakupita akikutazama kwa huruma. Na dereva wa mkataba ndiye wa kuonewa huruma kweli: tajiri anamwambia "itunze, ni mpya", jioni ileile anataka hesabu kamili. Hesabu haijui habari za ringi.

Ndiyo maana nasema mtu mwenye pikipiki mpya na hamu ya kurekodi safari za mandhari ana bahati asiyoijua. Kamera nayo haitaki haraka. Lenzi pana ya kamera ya kofia inaukuza mwendo: 45 kwenye kona, ukingo wa barabara ukiwa karibu, inaonekana mbio za kutosha kumtia mama mkwe presha. Ukienda 90 miti inakuwa michirizi ya kijani na milima inapita kabla mtazamaji hajauliza ni ipi. Barabara ya milima yenye kona inakupa kwa siku moja vyote viwili, gia za kubadilisha na picha za kuchukua.

Chukua ya Mombo kwenda Lushoto, mkoani Tanga, kama kilomita 33 za kupanda Usambara kwa lami nyembamba, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, maporomoko ya Soni yakiwa njiani. Unatoka kwenye joto la mkonge unafika mita kama 1,400 juu ya bahari, ambako watu wamevaa makoti na wanakushangaa na fulana yako. Hakuna pa kukaa gia moja dakika kumi. Kupanda, injini inapata mzigo kwa vipindi. Inapoanza kulalamika, shusha gia mapema badala ya kuongeza resi. Kuteremka, funga resi na uiachie injini kwenye gia ya pili au ya tatu ishike mwendo. Resi ikifungwa, mvuto ndani ya silinda unapandisha oili ukutani, jambo ambalo ringi mpya zinalipenda. Halafu breki mpya bado hazijakaa kwenye ngoma zake, ukizikandamiza mfululizo toka Lushoto utafika Soni unanusa harufu ya kuungua na kuisingizia lori la kabichi.

Ila usiondoke dukani ukaunganisha na mlima. Pikipiki nyingi hufika kwenye sanduku, zikafungwa pale dukani na kijana anayetazama mpira kwa jicho moja. Pitia nati za ekseli zote mbili, za usukani, za ekzosi pale kichwani na za vikanyagio. Cheni ipimwe katikati ya upande wa chini: icheze juu na chini milimita 20 hadi 30, na alama za kushoto na kulia kwenye ekseli zilingane, la sivyo tairi inakwenda upande kama kaa. Ikikazwa sana inaumiza beringi za giaboksi; ikilegea sana inaruka meno. Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo: inayotoa mlio mzito kuliko wenzake imelegea. Rudia baada ya kilomita mia chache, kwa sababu spoku mpya hulegea zenyewe.

Upepo wa tairi, kwa cc 150 nyingi, ni karibu PSI 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, nyuma uongezwe ukipakia. Yule wa pampu atakujazia 40 "isichoke haraka". Mkatalie. Tairi mpya ina utelezi wa kiwandani, kwa hiyo kilomita mia za mwanzo usiilaze kwenye kona hata kama kamera inawaka. Halafu kuna betri. Zile za kumiminiwa asidi zinataka kutulia, kisha kuchajiwa taratibu kwa moja ya kumi ya uwezo wake, nusu ampea kwa betri ya 5 Ah. Dukani wanamimina, wanafunga, wanapiga stata, "imewaka bosi". Miezi michache mbele inawaka kwa kick tu, na waranti, wanasema, haihusu betri.

Turudi kwenye kamera, maana huku nako kuna viroja. Kuna anayeifunga simu kwenye usukani. Injini ya silinda moja inatetemesha usukani mpaka picha inacheza kama uji, na lenzi ya simu yenye kutulizwa kwa visumaku inaweza kuharibika. Apple wenyewe walionya mwaka 2021 kwamba mitetemo ya injini kubwa za pikipiki inaweza kuiharibu kamera ya iPhone. Usiseme yako ni ndogo haitetemeshi. Kuna anayeibandika juu ya kofia: anaonekana ana antena, na picha inakuwa ya mtu mwenye shingo ya twiga. Mahali pazuri ni kwenye kidevu cha kofia ya uso mzima. Kichwa na shingo vinameza mitetemo, picha inafuata macho yako, usukani unaonekana kwa chini kumwonyesha mtazamaji kwamba kweli yuko juu ya pikipiki. Ipime ukiwa umekaa kama unavyoendesha. Ukiipima umesimama, ukishainama utarudi na saa mbili za video ya tangi la mafuta.

Jua ndilo linaloharibu kazi za wengi. Toka Mombo hadi Soni barabara inaelekea zaidi mashariki. Ukipanda asubuhi, jua linaingia kwenye lenzi, milima inakuwa vivuli vyeusi na uchafu wote wa kioo unaonekana. Panda saa kumi alasiri jua likiwa mgongoni, lala Lushoto, teremka asubuhi baada ya ukungu kuondoka, jua liko mgongoni tena. Saa saba mchana zima kamera ule wali. Mwanga ule unaufanya hata mlima mzuri uonekane umepauka.

Picha 30 kwa sekunde zinataka shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, ya 1/60 ya sekunde ili mwendo uonekane laini, lakini jua letu halikubali bila kichujio cheusi mbele ya lenzi. Ukikiweka, ujue utulizaji wa picha wa ndani ya kamera unapenda shata ya kasi; kwenye vivuli vya miti utapata picha tulivu yenye ukungu wa ajabu. Kwa anayeanza, kiache na uiachie kamera yenyewe. Ukirekodi kwa megabiti 60 kwa sekunde, saa moja inakula GB 27, kwa hiyo kadi ya GB 64 inatosha saa mbili na ushee, na iwe na alama ya V30, ya kadi inayoandika video kwa kasi ya kutosha. Kadi ya bei ya chenji itakata video hasa pale Soni. Sauti usiitarajie kwa maikrofoni ya kamera: upepo utaifunika hata honi. Maikrofoni ndogo ya waya yenye sponji, ikiwa ndani ya kofia kwa maneno yako au chini ya siti kwa mlio wa injini, inatosha. Na kwenye vizuizi vya polisi zima, usijitafutie maelezo.

Kufika kama kilomita 500, au pale kitabu kinaposema, mwaga oili ya kwanza injini ikiwa ya moto. Utaona inametameta vumbi la chuma. Hilo ndilo lililotarajiwa. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ndivyo vya kukupeleka kwa muuzaji. Safisha chujio, weka washa mpya kwenye nati ya chini, na usiikaze kwa hasira, uzi wa aluminiamu ukiliwa haurudi. Oili mpya, nyingi hutaka 20W-50 ya kama lita moja, iwe na maandishi ya JASO MA, alama ya oili ya pikipiki. Ya gari mara nyingi ina viteleza, na klachi yako inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, inaweza kuanza kuteleza: resi inapanda, pikipiki haiendi. Kwenye huduma hiyo valvu zipimwe injini ikiwa baridi. Fundi atataka kuzipima ikiwa ya moto kwa sababu ana haraka. Mwambie una muda, umezoea 45.

Halafu unahariri usiku, unakata saa mbili hadi dakika nane, Soni inaonekana, ukungu unaonekana, kona zinapendeza. Unaituma. Wa kwanza kuandika anauliza: "Bro, hiyo kofia unauza?"