Wametuuzia Mkali Wetu

Wapo watu hapa Kigoma ambao ukiwaambia kwamba tovuti ya kuhakiki anime, yaani katuni za Kijapani, imeuzwa, watauliza imeuzwa shilingi ngapi, watatikisa kichwa, kisha watarudi kwenye mazungumzo ya bei ya dagaa. Siwalaumu. Hawajawahi kununua bando la wiki siku ya Jumamosi na kulimaliza Jumapili mchana kwa sababu ya kijana wa kuchorwa mwenye nywele za buluu ambaye, kufikia sehemu ya nane, bado alikuwa anamweleza adui yake jinsi nguvu zake zinavyofanya kazi, na adui naye amesimama anasikiliza kwa adabu zote. Mimi yamenikuta. Ndiyo maana niliposikia kwamba tovuti niliyoitegemea kwa miaka mingi imechukuliwa na kampuni ambayo, pamoja na biashara zake nyingine, ndiyo inayogharamia utengenezaji wa hizo hizo anime zinazohakikiwa, chapati ilinishinda kumeza.

Naomba nieleweke. Mimi ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga, mtu mzima mwenye watoto, na kazi yangu kutwa nzima ni kuhesabu mabati na kubishana na mafundi wanaodai kwamba misumari waliyochukua juzi ilipimwa pungufu. Ikifika jioni nataka dakika 24 za mambo yasiyohusu mabati. Mke wangu huyaita mambo hayo vikatuni, na wageni wakibisha hodi huwaambia, "Baba watoto yuko ndani, anasoma," kwa kuwa ameona heri dhambi ya uongo kuliko aibu ya ukweli. Sasa, Japani hutoa anime mpya kwa misimu minne kila mwaka, yaani Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na kila msimu huja na makumi ya hadithi, nyingi zikiwa na sehemu 12 au 13. Mashabiki wa nchi ambazo intaneti inatoka ukutani muda wote wana kanuni yao maarufu: tazama sehemu tatu za mwanzo, ndipo uamue kama utaendelea. Ni kanuni nzuri sana kwa mtu asiyehesabu megabaiti. Kwangu mimi, sehemu tatu za hadithi mbovu maana yake ni kwamba kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa nitakaa nikitazama picha za harusi ya mdogo wangu zilizomo kwenye simu, nikizirudia moja baada ya nyingine, hadi bando jingine lipatikane.

Kwa hiyo mtu wa hali yangu hahitaji mhakiki mpole. Anahitaji mhakiki mwenye roho mbaya, atakayeipiga hadithi mbovu kabla haijafika kwenye simu ya mtu wa Kigoma. Na tulikuwa naye. Hatukuwahi kumjua kwa sura wala kujua kama ni mwanamume au mwanamke, lakini sisi wenyewe tulimpa jina la Mzee wa Nne, kwa sababu katika alama 10 alizoruhusiwa kutoa, mkono wake ulikuwa mzito kupita nne. Kuna msimu ambao hadithi nyingi zilianza kwa kijana kugongwa na lori na kuzinduka katika dunia nyingine yenye mazimwi, na Mzee wa Nne, badala ya kuzihakiki moja moja, alihesabu malori, akashauri wizara inayohusika na uchukuzi iingilie kati, akazipa zote nne. Niliokoa mwezi mzima. Ni yeye pia aliyenionya kuhusu Naruto, ile ya mwanzo yenye sehemu 220, kwamba kuanzia sehemu ya 143 hadi ya 219 ni visa vya kujazia vilivyotungwa wakati wa kusubiri kitabu cha hadithi hiyo kisonge mbele, na kwamba anayelipia bando mwenyewe anaruhusiwa kuruka bila kuomba radhi kwa yeyote. Binamu yangu, ambaye hakusoma onyo hilo, alizipakua zote, akazitazama zote, na mpaka leo ukimtajia kisa chochote cha humo anabadilisha mada.

Tangazo la kuuzwa lilitoka asubuhi ya Tokyo, ambayo kwetu ni usiku wa manane kwa kuwa wenzetu wametutangulia kwa saa sita, na nikaamka nikakuta simu imejaa ujumbe kana kwamba kuna msiba. Lilikuwa tangazo la furaha tupu. Walisema wamejaa shukrani, wakasema sasa wamejiunga na familia kubwa zaidi, na mwisho wakatuhakikishia kwamba hakuna kitakachobadilika. Hapo kwenye kutobadilika ndipo nilipokwama. Nimekaa nyuma ya kaunta muda wa kutosha kuwafahamu wanunuzi wa kila aina, walevi, wakopaji, na yule anayeleta bati alilokwisha kulitoboa akitaka abadilishiwe, lakini bado sijakutana na mnunuzi anayetoa fedha zake ili mambo yabaki vilevile kama yalivyokuwa kabla hajaja.

Jirani wa duka letu ni fundi simu, kijana anayeijua historia ya kila kitu isipokuwa ya simu aliyopewa aitengeneze, na siku hiyo alifunga kazi akatupa somo. Alianza na MyAnimeList, tovuti ambayo mashabiki huorodhesha anime na kuzipa alama, iliyochukuliwa na kampuni ya CraveOnline mwaka 2008, ikaenda kwa DeNA mwaka 2015, kisha ikahamia kwa Media Do mwaka 2019, na katika safari zote hizo mashabiki walilia, wakaapa kuondoka, wakabaki. Akaja kwa Anime News Network, tovuti ya habari na uhakiki wa anime iliyoanzishwa mwaka 1998, ambayo mwaka 2022 iliingia mikononi mwa Kadokawa, wachapishaji wakubwa wa Japani ambao riwaya zao huzaa anime kila msimu, kwa ahadi kwamba uhariri utabaki huru. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Sony nayo ikawa mwanahisa mkubwa kuliko wote wa Kadokawa, na ni Sony hiyo hiyo ambayo mwaka 2021, kupitia Funimation, kampuni yake ya kusambaza anime, ilinunua Crunchyroll, huduma ya kutazama anime mtandaoni, kwa dola bilioni 1.175. Nilivuta kikokotoo cha dukani, kile cha tarakimu 12, ili nizigeuze dola hizo ziwe shilingi. Kikaandika herufi E na kugoma. Bosi, ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu bila mimi kumwona, aliuliza kwa upole ni mteja gani huyo na anataka mabati mangapi.

Fundi simu hakuniachia hata nafasi ya kujieleza, kwani alikwisha kufika mwaka 2024, Funimation yenyewe ilipofungwa na watu waliokuwa wamehifadhi humo nakala zao za kidijitali wakaambiwa kwamba hazihamishiki. "Kaka," aliniambia, "wewe unahofia alama, shukuru Mungu hukuwa na nakala." Kisha akatuuliza ni nani kati yetu aliyewahi kuchangia chochote kila mara tovuti yetu ilipobandika ombi la mchango wa kulipia mitambo. Watu wakaanza kutazama bodaboda zinazopita.

Jioni tulilipeleka suala hilo kwenye kijiwe cha kahawa, na mzee mmoja tunayemheshimu sana, ambaye anime haijui lakini biashara yoyote iliyowahi kupita kwenye Ziwa Tanganyika anaijua, alitusikiliza hadi mwisho akiwa ameshikilia kipande cha kashata bila kukila. "Wanangu," alisema, "mnalia bure. Meli ya Liemba ilizinduliwa hapa hapa Kigoma ikiwa mali ya Mjerumani, ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, Mwingereza akaiibua, mwaka 1927 ikarudi kazini na jina jipya, na watu wakaendelea kupanda. Mwenye meli akibadilika, abiria unauliza nauli, basi." Wenzangu walianza kukubali, maana mzee akitaja miaka huwa hapingiki. Nikamwambia kwamba kwa heshima zote, Liemba haikuwahi kuulizwa maoni yake kuhusu dagaa iliowabeba. Ilibeba magunia ya kila mtu na haikusema ya nani yana mchanga. Tovuti ya uhakiki kazi yake ni moja tu, nayo ni kusema ya nani yana mchanga, na sasa mwenye meli ndiye mwenye magunia. Mzee alikitia kipande cha kashata mdomoni, akatafuna taratibu, akasema hapo sasa kuna hoja, na akaagiza kikombe kingine kwa hesabu yangu.

Sikuwa na haja ya kusubiri muda mrefu ili nithibitishiwe. Msimu uliofuata kulikuwa na hadithi ya kijana aliyegongwa na lori. Nakwambia hakuwa na jipya lolote, lori lilikuwa jeupe kama kawaida, na mazimwi yalikuwa yaleyale. Nilifungua uhakiki wa Mzee wa Nne nikiwa nimekaa vizuri, nimeomba watoto wanyamaze, tayari kwa karamu ya matusi ya kistaarabu. Aliandika kwamba hadithi hiyo "ina uwezo". Akaandika kwamba rangi zake zinapendeza, kwamba muziki wa ufunguzi unachangamsha, na kwamba mtazamaji mvumilivu atalipwa. Akaipa saba. Nilisoma mara ya pili nikidhani ni kejeli ambayo sijaielewa, kisha nikamsomea mke wangu nikimtafsiria, naye akasema, "Si kampenda tu huyo kijana, wewe yanakuuma nini?" Kwa uaminifu wa miaka yote hiyo nilipakua sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza kijana alikula supu kwa muda mrefu. Katika sehemu ya pili alimweleza binti mmoja alivyoila hiyo supu. Ya tatu sikuifungua, lakini ilikwisha kula bando.

Wapo wanaosema kwamba inawezekana Mzee wa Nne mwenyewe amezeeka, au amepata amani nyumbani, na kwamba mnunuzi hakumwambia neno. Mimi naona inawezekana, na tena naona hilo ndilo baya zaidi. Mnunuzi hana haja ya kusema lolote. Hata mimi, tangu shemeji wa bosi aanze kutuletea rangi za ukutani dukani, mteja akiniuliza kama rangi hiyo inadumu, huwa najikuta nikisifu ndoo. Hakuna aliyeniagiza. Mdomo wenyewe unajua mshahara unatoka wapi.

Mashabiki wenzangu kila mmoja alipokea kwa namna yake. Binamu yangu wa sehemu 77 za kujazia alitangaza kwamba hatatia mguu tena kwenye tovuti hiyo, na kwa kweli haingii, ila kila jioni hunipigia simu kuuliza wameandika nini, kwa hiyo bando linalotumika ni langu. Mwalimu mmoja wa fizikia alipendekeza tufanye kama tunavyofanya kwenye harusi: iundwe kamati, zichapishwe kadi za mchango, tutafute mashabiki wengine kuanzia Kasulu hadi Tabora, na tovuti irudi mikononi mwa wananchi. Wazo lilipokewa kwa makofi. Mwenyekiti alipatikana bila shida na katibu alijitolea mwenyewe. Tulipofika kwenye nafasi ya mhazini, kila jina lililotajwa lilikumbusha kamati ya harusi fulani na pilau iliyokuja bila nyama, na baada ya maneno kadhaa ya ukali, ambayo Mzee wa Nne wa zamani angeyafurahia, kikao kiliahirishwa.

Tukakubaliana angalau tutoe tamko la kupinga, kwa kuwa tamko halina mhazini. Mwalimu wa fizikia aliliandika vizuri sana, kwa lugha nzito, akidai kwamba uhakiki wa kazi za kampuni mnunuzi ufanywe na watu wasiolipwa na kampuni hiyo, na kwamba hadithi yoyote yenye lori itangazwe mapema juu ya ukurasa ili wenye bando dogo wapishe njia. Kijana mmoja aliyekulia Uvira, Kongo, alijitolea kulitia katika Kifaransa, akisema Wafaransa ni wasomaji wakubwa wa manga, vitabu vya katuni vya Kijapani, na hivyo Wajapani huwasikiliza. Hata ada ya kulichapa tamko hilo ilipatikana. Lakini mwalimu alikuwa amelianza kwa maneno "Sisi mashabiki wa anime wa Kigoma na Ujiji", na wenzetu wa Ujiji wamesema kwamba mji wao ulikuwa mji wakati Kigoma bado ni pwani ya wavuvi, kwa hiyo wao hawatasaini karatasi yoyote ambayo Ujiji imewekwa nyuma. Mwalimu amekataa kubadilisha kwa sababu manispaa yenyewe inaitwa Kigoma-Ujiji na yeye hawezi kuisahihisha serikali. Tamko bado liko kwenye flashi, dukani kwa fundi simu, na wakati tunabishana Mzee wa Nne ametoa nane.