Inua Mguu

Kanzu yangu ya Idi mwaka ule ilinizidi urefu vidole vinne. Mke wangu aliniambia tangu kumi la kati, "Ipeleke kwa fundi." Nikasema kesho. Aliyewahi kufunga anajua kesho za Ramadhani zinavyokwenda mbio. Nilipofika kwa fundi, Darajani, ilikuwa mwezi 29. Hakuinua hata kichwa. Alininyooshea kidole rundo la magauni lililoziba dirisha, akasema, "Labda baada ya Idi, sheikh."

Nyumbani kwetu kuna cherehani ya miguu, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika kwa miaka ya viganja. Ni mali ya mama mkwe. Alimwachia bintiye kwa sharti moja tu, watoto wasiiguse. Mimi hakunitaja.

Basi baada ya futari mke wangu akaenda zake kupakwa hina na piko. Mimi nikajifunga kikoi, nikakaa kitako mbele ya cherehani kama mtu aliyezaliwa nayo. Uzi nikautunga kwa namna ninavyowaona mafundi: pitisha hapa, zungusha pale, teremsha. Tundu la sindano peke yake lilinila robo saa na mate ya siku nzima. Nikakanyaga. Gurudumu likaenda kinyumenyume, uzi ukakatika, tap! Nikatunga tena, nikakanyaga tena. Safari hii likaenda mbele, trrrr, na mshono wa juu umenyooka kama safu ya swala. Nikatabasamu peke yangu. Kisha nikageuza nguo.

Lahaula! Upande wa chini kulikuwa na bonge la uzi kama zile nywele unazozitoa kwenye chanuo.

Nikasema, bobini hiyo, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Nani asingesema? Fujo iko chini, bobini iko chini. Nikaitoa, nikaipuliza, nikaigeuza, nikakaza kijiskrubu cha kasha lake, nikakilegeza, nikaiapiza. Mara nne, na kila mara bonge linanenepa. Nikashuku shetani, lakini nikakumbuka Ramadhani haijesha na mashetani yote yamefungwa, basi lawama zikanirudia mwenyewe.

Jasho lilikuwa linanitiririka. Nikainua ncha ya kikoi, nikajifuta uso, nikaibwaga pale mezani, nikaendelea. Mara ya tano nilishona kwa hasira, mpaka mashine ikakwama kabisa. Gurudumu haliendi mbele wala nyuma.

Nje watoto wakalipuka: "Mwezi umeandama! Mwezi umeandama!" Nikajisemea, haya, na mashetani nayo yameshafunguliwa. Hapo hapo nikasikia mlangoni, "Hodi!"

Mama mkwe, na bakuli la tambi mkononi.

Nikataka kuinuka kwa adabu. Kikoi kikakataa. Kumbe nilikuwa nimekishona pamoja na kanzu, na vyote viwili vimeng'ang'aniwa na cherehani. Kukifungua kiunoni nisingeweza, kwa sababu chini yake sikuwa na kitu cha kumwonyesha mkwe.

"Shikamoo, mama," nikasema, nimekaa.

"Marahaba. Mbona huinuki?"

"Nashona, mama."

Akaitazama cherehani yake. Akakitazama kikoi. Kisha akageukia ukutani, taratibu, kama mtu aliyepita pahala pa ajali.

"Uzi umeutunga mguu umeshuka?"

"Mguu upi, mama?"

"Inua mguu."

Nikainua mguu. Kikoi nacho kikapanda.

"Si wako, mwanangu! Wa cherehani!"

Darsa lote lililofuata aliuambia ukuta. Ule mguu mdogo wa chuma unaokandamiza nguo ukiwa chini, vile visahani viwili vya juu vya kukaza uzi vinabana, na uzi ukitungwa wakati huo hauingii kati yake, unaelea tu pembeni. Sindano inaushusha na hakuna kinachoukaza kurudi juu, basi unajirundika chini ya nguo. "Bonge la chini ni kosa la juu," akasema, na kwa sauti ile nilihisi hazungumzii uzi peke yake. Kwa hiyo inua mguu kwanza, tunga, ndipo uushushe. Nyuzi mbili zivute nyuma ya nguo, uzishike mpaka mishono mitatu minne ipite. Gurudumu ulianzishe kwa mkono, kuja upande wako, "ndipo huo mguu wako wewe ufuate." Na bobini? "Bobini umeisumbua bure."

Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanipa mkasi. Nikakata kikoi palipokwama, nikarudi chumbani kinyumenyume kama lile gurudumu.

Niliporudi nimevaa suruali, alikuwa ameshakwangua uzi na vumbi la pamba chini ya bamba la sindano kwa kibrashi, na anamaliza upindo wa kanzu. Trrrr. Akakata uzi kwa meno, akanikabidhi, akaniuliza kama tambi aziongeze sukari au iliyomo imetosha.

Asubuhi, baada ya swala ya Idi, mzee wa safu ya nyuma akanigusa bega na kuninong'oneza, "Sheikh, kikoi chako kinachungulia."

Nikainama kutazama. Chini ya upindo, kwa nyuma, kuna utepe mwekundu unaning'inia, umeshonwa imara kabisa.