Kabla ya kununua moduli ya 400G, kagua faiba

Laini ya faiba ikitakiwa kupandishwa kutoka 100G hadi 400G (gigabiti kwa sekunde), mjadala hukimbilia bei ya moduli, kifaa kinachotuma na kupokea mwanga. Naona tunaanzia pasipostahili. Itakayoamua ni faiba iliyozikwa kando ya barabara.

Zamani kikwazo kikubwa kilikuwa mtawanyiko wa mwanga, yaani mapigo ya mwanga kutanuka njiani hadi yanaingiliana. Ukiongeza kasi mara 4, uvumilivu hupungua mara 16: faiba ya kawaida, G.652, iliyofikisha 10G kilomita 60 bila kufidia mtawanyiko ingeishia karibu kilomita 4 kwa 40G ya aina ileile. Vipokezi vya leo husoma awamu ya mwanga pamoja na nguvu yake, na chipu hurekebisha mtawanyiko huo kwa hesabu.

Kilichobaki ni kelele. Kasi ikipandishwa kwa kubebesha kila alama ya mwanga biti nyingi zaidi, kutoka QPSK (biti 2) hadi 16QAM (biti 4), uwiano wa mwanga kwa kelele lazima upande takriban desibeli 7, yaani mara 5. Kuongeza nguvu ya leza husaidia hadi kiwango fulani tu. Ukikivuka, mwanga wenyewe huanza kubadili tabia ya kioo na mawimbi yanavurugana.

Kwa hiyo kila desibeli ina thamani. Kilomita 80 kwa hasara ya desibeli 0.2 kila moja ni 16. Jembe la barabara likikata kebo, mafundi huingiza kipande kipya, na maungio mawili yanazaliwa. Ungio zuri hupoteza chini ya 0.1, lililofanywa usiku wa mvua, lenye vumbi, linaweza kupoteza 0.5. Kebo ikikatwa mara 4 kwa kazi ya namna hiyo, desibeli 4 zimekwenda, na uwiano ule unashuka kwa 4 zilezile.

Piga OTDR, kifaa kinachopima hasara ya faiba kwa mwanga unaorudi, pande zote mbili uchukue wastani, kwa mawimbi ya nanomita 1550 na 1625. Hasara ikizidi sana kwenye 1625, kebo imekunjwa mahali. Rudia kila ungio linalozidi 0.2. Konekta itazame kwa darubini, isafishe, itazame tena: kiini kina mikromita 9 tu, chembe moja ya vumbi inakifunika. Usichomeke konekta ya kijani, yenye uso wa mshazari, kwenye ya bluu isiyo na mshazari, nyuso hazikutani. Penye kikuza mwanga cha Raman, kinachosukuma mwanga mkali ndani ya faiba, kizime kwanza. Uchafu huungua na kuharibu kioo.

Ikiwa bado uwiano hautoshi, mimi ningefunga 8QAM (biti 3 kwa alama) kwa 300G, na desibeli 2 au 3 za akiba kwa ajili ya jembe lijalo.